Shimo Jeusi Halimezi Tu: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Jeti za Galaksi

Safari iliyopita nilieleza kwa ufupi picha iliyotolewa mwaka 2023, ambayo kwa mara ya kwanza ilionyesha kwa pamoja pete ya nuru inayozunguka shimo jeusi la galaksi ya M87 na shina la jeti, yaani mkondo mwembamba wa nishati na chembe, inayochomoza hapo. Nilitarajia maswali kuhusu shimo. Karibu nyote mmeniuliza kuhusu jeti, na sina malalamiko, maana habari yenyewe iko huko. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Mnatuambia hakuna kinachotoka kwenye shimo jeusi, hata nuru. Halafu mnasema linarusha mkondo wa maelfu ya miaka ya nuru. Tushike lipi? (Mwalimu wa fizikia, Iringa)

Shika yote mawili, mwalimu. Kinachorushwa hakikuwahi kuingia ndani.

Gesi inayovutwa na shimo haidondoki moja kwa moja. Inafika ikiwa na mzunguko wake, kwa hiyo inajipanga kuwa sahani pana. Tabaka moja linasuguana na jingine, gesi inapata joto kali, inapoteza mwendo na kusogea ndani kidogo kidogo. Joto hilo hunyang'anya atomi elektroni zake, na gesi ya namna hiyo haiachani na nyuzi za sumaku: inakokwenda inaziburuta. Zinapofika jirani na shimo zimeshasongamana sana, na hapo zinakutana na jambo ambalo Newton hakuliota. Shimo linalojizungusha huizungusha pia nafasi yenyewe iliyo kando yake. Pale hakuna kitu kinachoweza kutulia, hata kingekuwa na injini ya nguvu gani. Nyuzi za sumaku zinasokotwa kama mtu anavyosokota kamba ya makumbi pajani, na msokoto unapanda kwenye ncha zote mbili za mhimili, ukibeba nishati nyingi na chembe chache. Hiyo ndiyo jeti, na ndiyo sababu mara nyingi huwa mbili, moja huku na nyingine kule.

Hesabu ya jambo hili ilichapishwa na Roger Blandford na Roman Znajek mwaka 1977. Nishati inatoka kwenye mzunguko wa shimo, na shimo hulipa kwa kupungua kasi ya kujizungusha. Mwaka 1982 Blandford na David Payne walionyesha njia ya pili, ambamo nyuzi zimeshikwa na sahani, na sahani ndiyo inayolipa. Wataalamu bado wanabishana galaksi ipi inategemea zaidi njia ipi.

Kwa M87 mimi naegemea ile ya kwanza. Shimo lake lina masi ya Jua mara bilioni 6.5, lakini ni mlaji hafifu sana: kwa makadirio ya timu ya EHT, mtandao wa darubini za redio uliosambaa duniani, gesi inayoliingia haifiki hata Jua moja zima kwa miaka 100. Mlaji hafifu namna hiyo hawezi kuendesha mkondo mkubwa vile kwa chakula cha leo peke yake. Anakula akiba, na akiba ni mzunguko. Picha za mwaka 2021, zilizopima mwelekeo wa mawimbi ya nuru kuzunguka pete, zilionyesha kwamba sumaku ya pale ina nguvu ya kutosha kuisukuma nyuma gesi inayoingia. Miaka miwili baadaye timu nyingine, ikiwa na vipimo vya zaidi ya miaka 20, ilionyesha kwamba jeti hiyo inayumba na kurudi mahali pake kila baada ya miaka 11 hivi. Hivyo ndivyo inavyotarajiwa pale ambapo shimo linajizungusha na sahani yake imeinama, hailingani na mzunguko wa shimo.

Nikuongezee namba moja ya darasani. Kipenyo cha shimo hilo ni kama kilomita bilioni 38, yaani nuru inahitaji saa 35 hivi kulikata upande mmoja hadi mwingine. Jeti yake inayoonekana kwa darubini za kawaida ina urefu wa miaka ya nuru 5,000. Waachie wanafunzi wapige uwiano wenyewe.

Nani aliyeiona kwanza? (Msomaji, Morogoro)

Heber Curtis, mwaka 1918, kwenye kituo cha Lick huko California. Aliona kwenye picha mstari mnyoofu uliounganishwa na kitovu cha M87, akauandika, akaendelea na kazi nyingine. Wakati huo hata haikuwa imethibitishwa kwamba kuna galaksi nyingine nje ya yetu, kwa hiyo tusimlaumu.

Shikamoo. Nimesoma kwamba Hubble iliona vifundo kwenye jeti ya M87 vikienda mara sita ya kasi ya nuru. Einstein alikosea? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Bukoba)

Marahaba, kijana. Hakukosea, na vipimo vya Hubble navyo ni sahihi. Chukua kalamu.

Jeti ya M87 imeelekezwa karibu na upande wetu, ikiwa imeinama digrii 17 hivi kutoka kwenye mstari wa macho yetu. Tuseme fundo la gesi linakwenda kwa asilimia 98 ya kasi ya nuru. Linatuma mmweko wa kwanza, linasafiri miaka 100, kisha linatuma wa pili. Katika miaka hiyo limetusogelea kwa miaka ya nuru karibu 94, na limehama kando kwa karibu 29. Kwa kuwa limesogea kiasi hicho, mmweko wa pili una safari fupi, na unafika kwetu miaka 6 na kidogo tu baada ya ule wa kwanza. Sisi tulio hapa tunaona fundo limehama miaka ya nuru 29 kwa miaka 6. Gawanya: mara nne unusu ya kasi ya nuru. Ukiongeza kasi halisi kidogo, sita hiyo unaipata bila kumgusa Einstein.

Martin Rees aliyatabiri haya mwaka 1966, akiwa kijana, kabla hayajaonekana. Mwaka 1971 darubini za redio zilizounganishwa kwa umbali mkubwa zikayaona kwenye kwaza, yaani kitovu king'avu mno cha galaksi ya mbali. Ni nadra sana katika sayansi ya anga jambo la ajabu kiasi hicho kuwa na maelezo yanayosubiri tayari mezani.

Jambo hilohilo linaeleza pia kwa nini picha nyingi zinaonyesha jeti moja tu. Inayokuja kwetu nuru yake hukolezwa na mwendo, inayotukimbia hufifishwa. Ya pili ipo.

Kwa nini kila mara mnasema "redio"? Je, nikiwasha redio yangu usiku nje ya mji naweza kuisikia? (Msomaji, Eldoret)

Kwa redio ya kawaida, hapana. Mawimbi haya yanafika hafifu mno, na kituo cha FM cha mji jirani kinayafunika kabisa. Lakini kisa cha kwanza kinafanana na swali lako. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Karl Jansky, mhandisi wa maabara za kampuni ya simu ya Bell huko New Jersey, alipewa kazi ya kutafuta chanzo cha mikwaruzo iliyokuwa ikisumbua simu za kuvuka bahari ya Atlantiki. Mikwaruzo mingine ilikuwa ya radi. Mmoja ulirudi kila baada ya saa 23 na dakika 56, na huo ni mwendo wa nyota, si wa Jua. Ulitoka kwenye kitovu cha galaksi yetu. Baada yake Grote Reber akajijengea antena ya sahani ya mita 9 na zaidi uani kwake huko Illinois, akachora ramani ya anga, na kwenye kundi la nyota la Dajaja akakuta doa lenye nguvu. Leo tunaliita Cygnus A.

Miaka ya 1950 ndipo mambo yakafunguka. Roger Jennison na Mrinal Kumar Das Gupta, mwaka 1953, waligundua kwamba Cygnus A si doa moja. Ni mawili, moja kila upande. Walter Baade na Rudolph Minkowski wakaonyesha kwamba katikati yake pamekaa galaksi iliyo mamia ya mamilioni ya miaka ya nuru kutoka hapa. Watu walipigwa na butwaa: kitu kilicho mbali hivyo kinawezaje kuwa miongoni mwa vyanzo vikali kuliko vyote vya redio mbinguni?

Jibu ni elektroni. Zikiwa na kasi iliyokaribia ya nuru na zikizunguka kwenye nyuzi za sumaku, hutoa mawimbi ya redio, na zikiwa na nishati zaidi hutoa nuru ya kawaida na hata eksirei. Jeti yenyewe inaweza kuwa nyembamba na hafifu. Inapogonga gesi iliyotanda nje ya galaksi, elektroni hujazwa nishati upya, kisha humwagika kando na kutanda. Ndiyo yale madoa mawili: mwisho wa safari ya mikondo miwili, nje kabisa ya galaksi iliyoizaa.

Na safari hiyo inaweza kuwa ndefu. Mwaka 2024 watafiti wanaotumia darubini ya LOFAR, yenye makao yake Uholanzi, walitangaza jeti walizoziita Porphyrion. Kutoka ncha hadi ncha ni miaka ya nuru milioni 23. Ukichukua Njia Nyeupe, galaksi yetu, kuwa na upana wa miaka ya nuru 100,000, hiyo ni mara 230. Mkondo ulionyooka kiasi hicho unaonyesha kwamba mhimili wa shimo lile haukugeuka kwa mamia ya mamilioni ya miaka.

Sawa, ni maajabu. Lakini jeti hizi zina kazi gani? Galaksi inapata nini au inapoteza nini? (Msomaji, Mombasa)

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na nitalichelewesha kidogo.

Fikiria kundi la galaksi la Perseus, miaka ya nuru milioni 240 hivi kutoka kwetu. Nafasi iliyo kati ya galaksi zake imejaa gesi ya joto la makumi ya mamilioni ya digrii, na gesi hiyo inang'aa kwa eksirei. Kinachong'aa kinapoteza joto. Kwa hesabu ya kawaida, gesi ya katikati ilipaswa kupoa, kuzama kwenye galaksi kubwa ya pale, NGC 1275, na kuzaa nyota mpya kwa mamia kila mwaka. Watu wakaenda kuzitafuta hizo nyota. Hazikuwa na idadi hiyo, wala gesi baridi ya kutosha. Kuna kitu kilikuwa kinarudisha joto, na kwa miaka mingi hakikujulikana.

Setilaiti ya Chandra ilipopiga picha safi za eksirei, ikaonyesha mashimo kwenye ile gesi, yaani mapovu makubwa yaliyo karibu matupu. Ukiweka ramani ya redio juu ya picha hiyo, mawimbi ya redio yanajaza mapovu yaleyale. Jeti za NGC 1275 zilikuwa zimeipasua gesi na kuisukuma kando. Mwaka 2003 yakatangazwa pia mawimbi ya mgandamizo yanayosambaa kutoka kwenye mapovu hayo. Kwa fizikia hiyo ni sauti, ila wimbi moja hupita kila baada ya miaka milioni 10 hivi. Nota yake ni B bemoli, oktava 57 chini ya ile C ya katikati ya kinanda. Ile sauti ya kutisha iliyosambaa kwenye simu mwaka 2022 ilipandishwa oktava nyingi ili masikio yaipate, kwa hiyo mtu akikuambia "hiyo ndiyo sauti ya shimo jeusi" mwombe aongeze neno moja au mawili.

Kwa hiyo mzunguko ni huu. Gesi ikipoa inazama, shimo linapata chakula, jeti zinawaka, gesi inapashwa joto na kusukumwa nje, chakula kinapungua, jeti zinalegea, gesi inaanza kupoa tena. Kitu chenye ukubwa wa mfumo wetu wa Jua, au kuuzidi mara chache, kinaamua kama galaksi nzima na majirani zake watazaa nyota au hawatazaa. Sisi tumezoea kuliogopa shimo jeusi kwa kinachoingia. Kwangu mimi kinachosukumwa nje ndicho kizito zaidi.

Joto hilo linasambaaje hadi kuenea kote ndiyo sehemu yenye ubishi. Setilaiti ya Japani iitwayo Hitomi iliipima gesi ya Perseus mwaka 2016 na kukuta msukosuko wa kilomita 164 kwa sekunde, utulivu uliowashangaza wengi. Wiki chache baada ya kurushwa setilaiti hiyo ikaharibika angani. Kipimo chake kimoja kilitosha kuzua mijadala ya miaka. Mrithi wake, XRISM, alirushwa Septemba 2023.

Na usidhani jeti huua nyota tu. Jeti ya galaksi NGC 541 imeligonga wingu la gesi lililokuwa njiani, likabanwa, na sasa lina nyota changa. Kwenye galaksi ya Centaurus A nako kuna nyota changa kandokando ya njia ya jeti. Ila mifano ya kuzalisha ni michache kuliko ya kuzuia.

Kuna tofauti gani kati ya jeti na upepo wa galaksi? (Msomaji, Dodoma)

Jeti ni nyembamba, ina kasi karibu ya nuru na gesi kidogo. Upepo ni mpana, wa polepole, na una gesi nyingi. Unaanzia kwenye sahani, ambako nuru kali na sumaku huinyanyua gesi na kuipeperusha. Nikisema polepole msinielewe vibaya: upepo wa kwaza PDS 456 unakwenda kwa zaidi ya robo ya kasi ya nuru. Galaksi nyingi zenye vitovu hai, yaani zile ambazo shimo lake linakula, hazina jeti kubwa hata kidogo. Kati ya kwaza 10, ni kama moja tu yenye nguvu katika redio. Kwa hizo nyingine upepo ndio unaofanya kazi.

Pia ziko galaksi, kama M82, ambazo upepo wake unasukumwa na milipuko ya nyota na si na shimo jeusi. Kwa mbali zinafanana, na hata wataalamu hugombana.

Shimo la galaksi yetu lina jeti? Na je, tuko hatarini? (Wasomaji kadhaa)

Sagittarius A*, ndilo shimo letu, ina masi ya Jua mara milioni 4 na ushei, na kwa sasa karibu haina chakula. Jeti yenye uhakika haijaonekana. Alama za zamani zipo: mwaka 2010 setilaiti ya Fermi ilionyesha mapovu mawili ya miale ya gama, moja juu na moja chini ya Njia Nyeupe, kila moja likifika kama miaka ya nuru 25,000. Mwaka 2019 darubini ya redio ya MeerKAT, ya Afrika Kusini, ikaonyesha mengine madogo ya redio karibu zaidi na kitovu. Ni shimo lililowaka zamani, au ni milipuko ya nyota nyingi kwa wakati mmoja? Kambi zote mbili zina hoja.

Hatari haipo. Galaksi ya redio iliyo karibu nasi zaidi iko umbali wa miaka ya nuru milioni 12, na jeti yake haijatuelekea. Hata zile zinazotuelekea huleta chembe chache tu. Mnamo 22 Septemba 2017 kituo cha IceCube, kilichozikwa kwenye barafu ya Ncha ya Kusini, kilinasa nyutrino moja, chembe ndogo mno inayopenya karibu kila kitu, kutoka upande wa galaksi TXS 0506+056, kwenye kundi la nyota la Jabari, ambayo jeti yake inatutazama ana kwa ana. Nyutrino moja, na dunia nzima ya wanaastronomia ikageuza darubini.

Afrika ina mchango gani hapa, au sisi ni watazamaji tu? (Mwanafunzi wa chuo, Nairobi)

Jina moja litakutosha kuanzia: Bernie Fanaroff, wa Afrika Kusini. Mwaka 1974, akiwa Cambridge, yeye na Julia Riley walizigawa galaksi za redio katika aina mbili: zile ambazo nguvu yake inafifia kadiri unavyotoka kitovuni, kama M87, na zile zinazong'aa zaidi kwenye ncha, kama Cygnus A. Karatasi yao ni fupi, na mgawanyo wao unatumika hadi leo duniani kote. Alirudi kwao, akaacha nyota, akawa mratibu wa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma wakati wa ubaguzi wa rangi, kisha akafanya kazi katika ofisi ya Rais Mandela. Baadaye ndipo akarudi kwenye redio, kuongoza mradi wa Afrika Kusini wa SKA, darubini kubwa ya redio ya kimataifa, uliozaa MeerKAT: sahani 64 kwenye nyika ya Karoo, ambako sheria inalinda ukimya wa mawimbi. Zilizinduliwa mwaka 2018.

MeerKAT imeshatatua mambo yaliyokuwa yakitusumbua. Galaksi PKS 2014-55 ina umbo la X, na wengi walidhani shimo lake liligeuza mhimili. Picha za mwaka 2020 zilionyesha mkondo ukirudi nyuma kuelekea galaksi, kisha ukikengeushwa na gesi yake. Mhimili haukugeuka.

Kenya ni mojawapo ya nchi nane washirika wa Afrika katika SKA. Ukitaka kuingia, anza na fizikia na kompyuta. Siku hizi mtafiti wa redio anakaa na Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, muda mrefu kuliko anavyokaa na darubini.

Naweza kuiona mojawapo kwa macho yangu? (Msomaji wa Tanga, na mwingine wa Muscat)

Jeti yenyewe hapana. Galaksi ya Centaurus A, ndiyo, kwa darubini ndogo ya mkononi na giza la kweli. Mwezi Mei na Juni, kati ya saa mbili na saa nne usiku, tazama kusini. Tafuta Msalaba wa Kusini, kisha kushoto na juu yake utafute Omega Centauri, inayoonekana kama nyota yenye ukungu. Panda digrii nne na nusu kuelekea kaskazini. Utaona doa hafifu la mviringo. Ule mkanda wake mweusi wa vumbi unahitaji darubini kubwa zaidi. Kama macho yako yangeona mawimbi ya redio, mawingu yake yangetanda digrii 8, sawa na miezi mpevu 16 iliyopangwa kwenye mstari.

Wa Tanga, kwako inapanda zaidi ya digrii 50, raha tupu. Mei pwani bado kuna mvua, kwa hiyo weka matumaini yako Juni. Wa Muscat, kwako haivuki digrii 23 au 24, na vumbi la upeo wa macho litakusumbua. Toka nje ya mji, uwe na upande wa kusini usio na taa, na uchague usiku usio na mwezi.